Ukoo Wako Ni Upi? Barua Kutoka Glasgow

Kwa Mjomba mpenzi, pamoja na Mkaza mjomba na jamaa wote wa Butembo na Beni.

Nawaarifu ya kuwa mimi ni mzima wa afya, isipokuwa magoti, ambayo yamepigwa na baridi kwa sababu nitakazozieleza kwa utaratibu.

Mwenzangu mmoja wa kazini alinialika harusini, akanisihi nivae vazi la nchi, nalo ni kilti, yaani sketi ya marinda ivaliwayo na wanaume wazima wenye ndevu mbele ya wake zao na wakwe zao, wala hapana acheke. Ni nguo ya sufu, na ile kamili hula yadi 8. Mkaza mjomba, ukikumbuka ya kuwa kwenu kikwembe cha yadi 6 hutosha libaya, cha kujifunga na cha kujitanda, utajua ni nani apendaye mapambo zaidi, wewe au waume wa huku.

Mwenye duka la kukodisha akaniuliza, kwa adabu kamilifu, ukoo wangu ni upi, maana huku kila ukoo una mistari yake. Nikamjibu, Baswagha. Akavaa miwani, akafungua kitabu, akapitisha kidole kutoka Baird hadi Buchanan, akarudi nyuma, kisha akaniomba nimtajie herufi moja moja. Nilipomweleza kwamba kwetu jina la mtu hutangaza kwanza alizaliwa wa ngapi, Mumbere wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, alisema kwa huzuni ya kweli kwamba hana mistari ya mtoto wa pili. Hatimaye akanivika ile ya kikosi cha Black Watch, ya buluu iliyokoza, nyeusi na kijani, ambayo aghalabu hupewa wageni wasio na ukoo kitabuni.

Mistari yenyewe, Mjomba, wewe upendaye hesabu, ingekukosesha usingizi. Nyuzi za mtande hupangwa kwa rangi na kwa idadi, na mshindio hufuata mpango uleule bila kupunguza hata uzi mmoja; nyekundu ikikutana na nyekundu husalia nyekundu halisi, lakini ikikatana na kijani huzaliwa rangi ya tatu ambayo mtia rangi hakuipika katika chungu chochote. Hivyo rangi 3 huonekana kama 6, na rangi 6 huonekana kama 21. Mpango ukifika ukingoni kwa kawaida hugeuka ukarudi ulikotoka, mstari kwa mstari.

Wenyeji watakuapia kwamba kila ukoo ulirithi mistari yake tangu zama za zama. Ama tarehe zasema vingine. Baada ya vita vya Culloden, sheria ya mwaka 1746 iliwapiga marufuku wanaume wa Uskoti, wasipokuwa askari, kuvaa mavazi ya milimani, na marufuku haikuondolewa hadi 1782. Wakati huohuo akina Wilson wa Bannockburn walikuwa wakifuma tartani, ndiyo nguo ya mistari hiyo, kwa ajili ya majeshi, na nyingi kati yake zilijulikana kwa nambari tu. Mwaka 1815 Highland Society ya London ikawaomba machifu walete vielelezo vya nguo za koo zao, na wengi wao hawakujua ni zipi. Kisha, mwaka 1822, Mfalme George IV akazuru Edinburgh, sherehe zikisimamiwa na mwandishi Walter Scott. Kila bwana mkubwa akataka mistari yake kabla mfalme hajashuka merikebuni, na nambari zikasilimu zikawa koo. Mfalme naye alivaa kilti juu ya soksi ndefu za rangi ya ngozi. Laiti ningalizijua soksi hizo mapema!

Sisi wa Butembo, ambao biashara tumeinyonya pamoja na maziwa, hatuna haki ya kucheka. Vikwembe vya Vlisco hutoka Helmond, Uholanzi, vikiwa na nambari, na ni mama wa sokoni aviitaye majina: hiki Mume Wangu Anaweza, hiki Ukitoka Nami Natoka. Kikishapata jina, nani ataomba nambari?

Tangu 2009 serikali ya huku ina daftari la tartani, na mtu yeyote mwenye mchoro mpya na ada yake aweza kuandikisha. Basi tumekutana watu wa kwetu tubuni ya Butembo na Beni: kijani kwa milima ya Lubero, nyekundu kwa vumbi la barabara, kahawia kwa kahawa, na uzi mmoja mweupe kwa theluji ya Ruwenzori. Wa Beni wakapinga, wakidai uzi wa pili mweupe kwa utomvu wa mapapai. Wa Butembo wakajibu kwamba kama ni hivyo vumbi nalo liongezewe upana, maana ni jingi. Kikao kimeahirishwa.

Wakati tukingoja suluhu, Mjomba, tafadhali nitumie kipimo cha kiuno chako, na cha kutoka kiunoni hadi gotini. Suruali usiihesabu.