Namna ya Kumkata Mteja Pesa Mara Mbili: Mwongozo kwa Mwenye Haraka

Ndugu mjenzi wa API, umepewa hadi Ijumaa kumaliza huduma ya malipo, basi usipoteze muda kusoma nyaraka. Kila kitu kipitishe kwenye POST: kusajili, kurekebisha, kufuta, hata kuuliza salio. POST ni kama daladala ya jioni, haikosi nafasi. Fomu za HTML zenyewe zinatuma kwa GET na POST tu, kwa hiyo una pa kusingizia.

Akitokea mjuaji akakutajia PUT, mjibu kwamba POST ni ya kuunda na PUT ni ya kurekebisha. Ni jibu zuri kwa sababu limeenea. Ila si kweli: PUT nayo huunda, na seva hujibu 201 vilevile. Swali ni nani anayechagua anwani. Kwenye PUT mteja anaitaja mwenyewe: weka hiki kwenye /malipo/7731. Kwenye POST anakabidhi mzigo mlangoni pa /malipo, seva inaamua ukae wapi, kisha inamtajia mahali hapo kwenye kichwa cha jibu kiitwacho Location.

Utamu unaanzia Chalinze. Mama Asha yuko kwenye basi, analipa ada ya mwanawe. Anabonyeza, mtandao unakatika. Pesa imeshatoka, jibu halijarudi. Programu ya simu yake, kwa utiifu, inatuma tena. Kwa seva yako hilo ni malipo mapya. Anakatwa tena. Hongera.

Hebu tazama daftari la mangi. Ukimwambia "deni la Mama Asha liwe 5,000", hata ukirudia mara kumi, deni ni 5,000. Ukimwambia "mwongezee 5,000" mara kumi, amepoteza mteja. Kauli ya kwanza ni PUT, ya pili ni POST. RFC 9110 ya Juni 2022, kanuni ya HTTP ambayo umeshaapa kutoifungua, inaruhusu programu irudie PUT yenyewe mawasiliano yakikatika. POST haina ruhusa hiyo ya jumla.

Ukilazimishwa kutumia PUT, usikate tamaa, bado unaweza kuharibu. PUT hubadilisha kitu kizima: mteja akituma namba mpya ya simu peke yake, na seva ikitii kanuni, jina na barua pepe vinafutika. PATCH ilirasimishwa mwaka 2010 kwa kazi hiyohiyo ya viraka, usiishughulikie. Au fanya ufundi wa juu zaidi: nje andika PUT, ndani ongeza salio kila ombi linapoingia. Hapo nakuvulia kofia.

Wapo waoga wanaobaki na POST lakini kila ombi wanalidai namba ya pekee, iliyotungwa na simu kabla ya kutuma. Namba ikionekana tena, seva inarudisha jibu lilelile la kwanza, haigusi pesa. Stripe hufanya hivyo kwa kichwa cha Idempotency-Key. Kinachohitajika ni jedwali moja kwenye hifadhidata, lenye sharti kwamba namba isijirudie, na siku moja ya kazi. Siku hiyo huna. Utaitwa dawati la huduma kwa wateja, ambako Mama Asha amekaa tangu saa mbili asubuhi, na meseji mbili za makato ameziacha wazi kwenye simu.