Mbarara, Wilaya Karimu

Wilaya ya Mbarara, nchini Uganda, ina moyo wa kutoa. Mwaka 1993 ilichangia kuizaa wilaya ya Ntungamo, 2005 ikatoa Isingiro, Ibanda na Kiruhura kwa mpigo, 2019, Rwampara. Mwaka 2020 mji wenyewe ukawa jiji, na wilaya ikabaki pembeni kama ukoko chunguni. Faida zinaonekana: kila kipande kina kibao kipya, muhuri mpya na kiti kinachozunguka. Barabara zitafuata, bila shaka. Haziwezi kutangulia viti. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ya tangu miaka ya 1950, yalihamia Isingiro bila mtu kubeba godoro wala dumu la maji. Waliokimbia mipaka wakafuatwa na mpaka hadi mlangoni. Ziwa Nakivale lipo palepale.