Mshika Usukani wa Ubaoni

Siku ya pili ya warsha ya watafiti chipukizi wa uhandisi wa udhibiti, iliyotukusanya Kigoma kutoka vyuo mbalimbali, nilisimama mbele ya hadhira, tai imenikaba koo, nikahutubu kwa ufasaha ambao hata mimi mwenyewe niliustaajabia. Nilieleza ya kuwa Norbert Wiener, mwaka 1948, alipolitangaza jina la elimu ya udhibiti na mawasiliano, alikuwa amelitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani. Na ya kuwa Maxwell, tangu mwaka 1868, alikwisha kubainisha kwa hesabu jinsi kidhibiti mwendo cha mashine kinavyoweza kuiyumbisha badala ya kuituliza. Sikuacha kuwaonya juu ya mambo mawili: alama ya kutoa, ambayo ikisahauliwa kosa huzaa kosa, na ukawiaji wa majibu. Wakanipigia makofi, nami nikayapokea kwa unyenyekevu wa bandia.

Alasiri tulikodiwa boti ya mbao itupeleke Ujiji, tukaone mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Hapo ndipo majivuno yaliponipanda kichwani.

"Shikamoo, mzee. Niachie injini kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Umewahi kuendesha?"

"Kwa hesabu, mzee."

Nahodha alinitazama, akavuta kofia yake mbele. "Haya, bismillahi."

Sasa, mkono wa injini ya boti ukiusukuma kushoto, chombo huenda kulia. Yaani ile alama ya kutoa niliyoichora asubuhi kwa chaki nyekundu, ndiyo niliyoisahau ufukweni. Ujiji ilikuwa kushoto kwetu, nikasukuma kushoto. Omo ikaelekea Kongo. Nikasahihisha kwa kusukuma zaidi. Ikazidi kuelekea Kongo. Nilipozinduka nikaugeuza mkono kwa nguvu zangu zote, na kwa kuwa chombo hakikujibu papo hapo, nikaongeza. Kilipojibu, kilijibu yote kwa pamoja. Tukaenda tukipindapinda kama nyoka aliyepigwa fimbo, wataalamu wenzangu wameng'ang'ania mbao na kuomba dua, hata dumu la mawese la bibi mmoja tuliyempakia likapinduka, na yaliyomo yakaishia kifuani pangu.

Mzee alinyoosha mkono bila haraka, akaushika usukani. "Mwanangu, kipinde kidogo, ungoje kikujibu, ndipo uongeze. Ukikifokea hakisikii."

Kurasa tatu za milinganyo nilizosoma asubuhi hazikuwa na neno la ziada juu ya hayo.

Tulipofika Ujiji nilimlipa bibi mawese yake kwa taadhima, kisha nikakimbilia dukani kununua sabuni ya kufulia tai na shati. Mwenye duka akanikabidhi kipande, akaniambia nisiwe na shaka, ni sabuni ya kwao, imepikwa kwa mawese.