Kupekupe Imebaki Nyumbani

Ndugu msomaji, kama una parsele, una mama mkwe, na una majani mbele ya nyumba, sogeza kiti. Machungu yetu ni mamoja.

Miaka yote hapa kwetu Piana-Mwanga majani yetu yalikatwa na mzee mmoja mwenye kupekupe, kile chuma kirefu kilichopindwa ncha. Alifika alfajiri umande haujakauka, maana jani lenye maji husimama likakatika, lakini jua likishalipiga hulala tu chini ya chuma. Kila baada ya hatua chache alisimama, akatoa jiwe mfukoni, akanoa. Wala hakukata hadi chini. Aliacha urefu wa vidole kadhaa, akiniambia kwamba ukoka ukinyolewa mpaka udongo uonekane, mizizi inachoka na mvua inabeba ardhi yako kupeleka mto Luvua. Faranga zake zilikuwa halali kabisa.

Basi shule zikafunguliwa. Mama watoto, ambaye humu ndani tunamwita Benki Kuu, akaketi na daftari la matumizi, akafika kwenye jina la mzee, akalipiga mstari.

"Baba watoto," akasema, "mikono imejaa humu ndani. Kwa nini tununue mingine?"

Mikono imejaa kweli. Yupo kifungua mimba wetu, Turbini, tuliyempa jina la mashine za kituo cha umeme cha hapa kwetu, kile kilichojengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya migodi ya bati ya Manono. Mashine hupumzika, mtoto huyu hajapumzika kusema tangu ajue neno la kwanza. Yupo shemeji yangu, Mtaalamu, ambaye aliwahi kukaa mjini Kalemie na tangu hapo hakuna jambo asilolijua. Na yupo mama mkwe, Mama Salongo, aliyekuwa msichana zama za Mobutu, watu walipotolewa majumbani kufagia na kufyeka kwa amri ya salongo. Amri ile ilishaondoka na wenyewe. Kwa Mama Salongo bado inafanya kazi, na Jumamosi hakuna anayekunywa chai kabla kiwanja hakijafagiliwa.

Kupekupe ilinunuliwa, ikakabidhiwa kwa Mtaalamu. Akaishika, akaitazama juu chini, akairudisha ukutani. Akatueleza kwamba huko Uingereza, mwaka 1830, fundi mmoja aitwaye Edwin Budding alitengeneza mashine ya kwanza ya kukatia majani, baada ya kuona mashine ya kiwandani inayonyoa manyoya juu ya kitambaa. Hadithi ni ya kweli, sina ugomvi nayo. Ugomvi ulianza nilipotoka ibadani nikakuta baiskeli yangu imelala chali, haina mnyororo, na Mtaalamu anafunga vipande vya bati kwenye gurudumu la mbele. Nawe unajua baiskeli ni nini katika njia zetu hizi: ndiyo lori, ndiyo teksi, ndiyo gari la wagonjwa.

Mashine ilisukumwa. Ikameza majani kidogo, ikajiviringisha ukoka kwenye ekseli, ikakwama. Turbini alisimulia ajali ile kwa majirani wote kabla sijamaliza kuokota nati za magurudumu.

Mama Salongo alikuwa akitazama tu. Kwake yeye majani mbele ya mlango ni mwaliko wa nyoka, na nyumba ya watu wenye heshima ina udongo mtupu uliofagiliwa. Hapo simlaumu, maana bibi zake walifagia hivyo, na nyoka anayevuka udongo mweupe huonekana. Lakini mimi nayapenda majani yale. Mtoto akianguka hachubuki, mvua ikipiga, ukuta haurukiwi na tope, na jioni ukiweka kiti hapo unapata ubaridi ambao ndani ya nyumba haupo. Nilimweleza hayo kwa adabu zote za mkwe. Akaniitikia, "Ndiyo, baba." Asubuhi yake akaamka na jembe.

Alipalia kila kitu kuanzia mlangoni hadi kwenye mwembe, akakatakata, takataka akazimwaga nyuma, kando ya sombe yake. Sasa, ukoka una tabia yake. Shina lake linatambaa juu ya udongo na lingine chini ya udongo, na kila fundo linaweza kutoa mizizi. Ukilikata kwa jembe hujaliua, umelizalisha. Mvua za Oktoba zilipoanza, kila kipande kikaamka. Mbele ukoka ukaota wenye afya kuliko ule wa mzee, na nyuma ukaingia katikati ya sombe.

Kelele za siku ile sizirudii. Mama Salongo hakukubali kushindwa na jani. Akaleta mashina ya viazi vitamu, akainua matuta palepale uwanjani, akapanda, na mvua zikamsaidia. Matembele yakafunika ardhi, ukoka ukakosa jua. Benki Kuu akaja na kikapu, akachuma, akahesabu mboga ambayo hakuinunua sokoni, akafunga daftari akitabasamu. Nikajua kesi yangu imekwisha. Tulikula matembele na bugali usiku ule, na lazima niseme, yalikuwa matamu.

Niliomba nibakiziwe kipande cha chini ya mwembe, penye viti. Mama Salongo alifikiri kwa muda, akakubali, kwa sharti kwamba kikatwe kila Jumamosi, tena kabla ya chai. Kazi hiyo amepewa Mtaalamu, iwe malipo ya mnyororo wangu. Leo ni Ijumaa. Jiwe la kunolea nimeshamwekea juu ya meza, na yeye tangu mchana analalamika kiuno.