Ngazi ya Furaha na Hofu ya Kukopwa

Sina ugomvi na wanasaikolojia. Nina ugomvi na ngazi yao.

Ngazi yenyewe ilibuniwa na Mmarekani mmoja, Hadley Cantril, akaieleza katika kitabu chake cha mwaka 1965. Unaambiwa ufikirie ngazi: chini kabisa ni sifuri, maisha mabaya kuliko yote unayoweza kuishi, juu kabisa ni kumi, maisha bora kuliko yote. Wewe umesimama wapi? Basi, kwisha. Shirika la Gallup linazunguka nalo swali hilo duniani, kwa kawaida watu kama elfu moja kila nchi, na majibu yanaingia kwenye Ripoti ya Furaha Duniani, inayotolewa tangu 2012.

Ikitoka, sisi tunatafutwa kwa kuanzia chini. Mwaka 2017 Tanzania ilikuwa ya 153 kati ya nchi 155. Mwaka 2018 ikawa ya 153 kati ya 156. Mwaka 2019, ya 153 tena, utadhani namba hiyo tumeikatia hati kama kiwanja. Finland, nchi ya baridi na giza, inaongoza tangu 2018.

Mimi ni mkazi wa Nkuhungu, Dodoma, na sababu za kununa ninazo. Vumbi la hapa linaingia hadi kwenye kabati lililofungwa. Tangu mwaka 2016 Serikali iliposema safari hii inahamia hapa kweli, si kama ile ahadi ya 1973, kodi za nyumba zimejifunza kupanda tu. Lakini hata mimi, bingwa wa kulalamika, sikubali kwamba tunazidiwa furaha na karibu dunia nzima. Nashuku walituuliza wakati sisi tunadhani wameleta kitu.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona. Mjumbe wetu alituletea binti wa chuo, mpole, kishikwambi mkononi, eti anapima ustawi wa akili. Habari ilipofika mtaani, watu wazima walianza kukohoa. Jirani yangu mwenye nyumba mbili na bajaji inayoingiza hela kila siku alivaa shati la kupakia matofali. Zamu yangu ikafika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Habari za masomo?"

"Nzuri. Za hapa nyumbani?"

"Salama kabisa, tunamshukuru Mungu."

"Baba, kwenye ngazi ya sifuri hadi kumi, wewe uko ya ngapi?"

"Andika mbili. Na hiyo ya pili imelegea."

Binti akanitazama. Sekunde chache tu zilizopita nilikuwa salama kabisa! Lakini ukisalimiwa unajibu salama hata kama nyumba inaungua, hiyo ni adabu. Na kikija kishikwambi, watu wanakumbuka misaada ya TASAF, na sijasikia mtu aliyeingizwa kwenye orodha ya kaya maskini kwa kutangaza kwamba yuko ngazi ya nane. Tena mjumbe kasimama pale pale anasikiliza. Shemeji yupo kibarazani, naye anasikiliza. Niseme nane? Kabla ya magharibi nitakuwa nimeshakopwa, na kamati ya harusi itakuwa imenipangia kiwango kipya cha mchango.

Kuna na lile dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani, kauli tano. Katika wiki mbili zilizopita umekuwa mchangamfu kiasi gani? Umetulia? Umekuwa na nguvu? Umeamka ukiwa umepumzika? Siku zako zimejaa mambo yanayokuvutia? Kila kauli unajipa sifuri hadi tano, jumla inazidishwa kwa nne, unapata alama zako kati ya mia. Hesabu safi. Ila hiyo ya kuamka umepumzika ingeulizwa kwanza kwa baa iliyo nyuma ya nyumba yangu. Furaha yao ya usiku ndiyo inayonishusha alama asubuhi.

Nisiwaonee wataalamu, maana wenye akili wanaijua hatari hii. Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2002 kazi waliyoifanya Dar es Salaam kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI. Walichukua orodha ya dalili 25 iliyotoka Marekani, lakini hawakuiamini kwa kuitazama usoni. Alama zake walizilinganisha na mahojiano marefu ya kitabibu, kuona kama huyo ambaye dodoso linamwita mgonjwa ni mgonjwa kweli. Naye Robert Biswas-Diener na wenzake walichapisha mwaka 2005 utafiti uliowagusa Wamasai, wakakuta watu wameridhika na maisha yao, bila friji wala mkopo wa friji.

Na kuponya je? Huko Zimbabwe daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza hadi tatizo moja lipatiwe njia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mimi sishangai. Bibi hana orodha ya kaya maskini, hakukopi, wala hayumo kwenye kamati ya harusi. Ukimwambia ukweli, haukugharimu kitu.

Sisi wanaume wa Dodoma mabenchi tunayo tele, pale vijiweni kwenye kahawa. Yanatumika kwa Simba na Yanga. Mtu anaachwa na mke Jumatatu, Jumanne yuko kijiweni analaumu beki wa kushoto, na hakuna anayemuuliza mara ya pili.

Halafu tuna Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyopo hapa hapa mjini tangu mwaka 1927. Watu wanatoka mikoa ya mbali kuitafuta. Sisi majirani zake tunaitumia kutaniana: ukisahau chenji, "wewe wa Mirembe", ukikataa bia, "mpelekeni Mirembe." Kwa utani huo, nani atathubutu kupanda bajaji na kumwambia dereva anakokwenda?

Kwa hiyo watafiti, mkija tena, mwacheni mjumbe kwake, semeni mlangoni kwamba hamkuleta kitu, na muulize mara mbili. Nanyi majirani, utani wa Mirembe sasa tuuache, maana mwenye kuumwa anatusikia. Usiku usingizi ukikukimbia na mawazo yakakuzidi, nenda, madaktari wapo. Huko sema ukweli wote. Anayetaka kukukopa hayupo.