Sifa za Mheshimiwa Feni ya Madabodi

Mheshimiwa ninayesimama kumsifu leo ana upana wa sentimita 4, mapanga meusi ya plastiki na waya mwembamba unaomuunganisha na riziki yake. Anaishi ndani ya lile kasha ambalo ofisini kwetu kila mtu analiita sipiyu, chini ya meza yangu, usawa wa goti la kulia. Ni feni ya madabodi. Si ile kubwa ya prosesa. Ni huyu mdogo aliyekalia kipande cha alumini, juu ya chipu inayoelekeza data njia zake.

Msimdharau kwa kimo. Feni ya sentimita 12 hujizungukia mara 1,000 hivi kwa dakika, hewa ikapita ya kutosha wala mtu asiisikie. Mheshimiwa, kwa ufupi wake, sharti azunguke mara elfu kadhaa ndipo apate upepo wa kuzima kibiriti.

Lakini sauti! Saa mbili asubuhi nikibonyeza swichi hukohoa kwanza, kikohozi kikavu cha mzee anayetaka watu wajue ameamka. Saa nne hunguruma kama bajaji inayopanda mlima na abiria wanne. Saa nane, jua la Dar likishaingia mpaka ndani ya droo, hupiga mluzi mmoja mwembamba usio na mwisho, wa refa aliyekataa mpira usiendelee. Nimeacha kuvaa saa. Mama wa masjala akisikia mluzi huchomeka birika. Siku umeme ulipokatika saa tano, mluzi haukulia na chai haikunywewa. Tena Mheshimiwa ni mtunza siri. Mtu akipigiwa simu na anayemdai, husogea mezani kwangu kuipokelea hapo, na mdai akisikia ngurumo huamini mwenzake yuko kiwandani anatafuta hela kwa jasho. Wawili tayari wameongezewa muda wa kulipa. Mikutano ya mtandaoni nayo nimesamehewa: nikifungua tu kinywa, mtu husema, "Huyo wa mashine ya kusaga tumzimie maiki."

Ana adabu pia: ukilipiga kasha kofi, hunyamaza dakika saba. (Nimezihesabu. Mtu mzima, nina shahada, nimekaa nikihesabu.) Anazoa vumbi ambalo lingeishia mapafuni mwetu. Na hana kinyongo. Waunda madabodi walimjaza kwenye bodi zao miaka ya 2004 na 2005, malalamiko yakawachosha, wakamtoa na kuweka mabomba ya shaba yasiyosema neno. Mwaka 2019 kasi ya data ilipopanda na chipu ikaanza kuchemka upya, wakamrudisha kazini. Mstaafu aliyeitwa tena kwa mkataba. Ofisini kwetu tunao wanne wa namna hiyo, na hao hawapoozi kitu.

Nilikusudia kuendelea na sifa. Lakini wacha niseme.

Mwezi wa tatu niliandika dokezo kuomba feni nyingine. Kariakoo niliulizia, nikaambiwa shilingi 8,000. Dokezo likaenda TEHAMA, kijana akaja, akainama, akatega sikio kwenye kasha kama daktari, akaandika: "Kelele imethibitishwa." Likaenda ugavi, wakataka bei za wauzaji watatu. Likaenda masjala, likalala wiki tatu chini ya birika lile lile. Hatimaye kikaitwa kikao. Watu saba! Watu wazima saba, chumba cha kiyoyozi, maji ya chupa, korosho na posho, kujadili shilingi 8,000. Korosho peke yake zilizidi hizo. Najua, maana orodha ya matumizi nilipewa mimi niichape. Nikaichapa, kwenye kompyuta hiyo hiyo, Mheshimiwa akipuliza filimbi. Azimio la kikao: suala linafanyiwa kazi.

Jioni ile nilishuka kwa fundi cherehani wa chini, nikamwomba tone la mafuta. Ugonjwa wenyewe si wa kulazwa: mhimili wa feni hukaa ndani ya kijibomba chenye mafuta, mafuta yakikauka mhimili hucheza, na kucheza kwake ndiko kulia kwake. Nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikafungua kasha. Vumbi lilikuwa limeshikana kwenye mapanga kama blanketi la kijivu, na katikati yake mguu mmoja wa mende. Nikaufuta. Nikabandua stika kwa ukucha, nikadondosha mafuta kwa ncha ya sindano, nikairudisha stika, pembe moja ikakataa kulala. Nikawasha.

Kimya. Halafu nikaanza kusikia vingine. Kiyoyozi cha bosi. Redio ya ugavi ikichambua mechi ya jana. Mtu akikoroma, nadhani mmoja wa wale wa mkataba. Mama wa masjala akachungulia mlangoni kuuliza kama nimefukuzwa kazi. Siku ya nne nikaletewa barua ya kujieleza kwa nini nimefungua mali ya ofisi bila kibali.

Hiyo ilichukua siku nne. Dokezo langu lilichukua miezi minne, mpaka mwaka wa fedha ulipogeuka Julai. Lilirudi limeidhinishwa, lina mihuri mitatu, na nyuma yake toroli, na juu ya toroli kifaa chenyewe: pangaboi, mapanga matatu ya chuma, boksi halijafunguliwa. Afisa akanipa kalamu nisaini kwamba nimepokea feni moja kama nilivyoomba. Nikasaini. Kulifunga darini kunahitaji dokezo jingine, kwa hiyo limekaa chini ya meza, na mchana huvua viatu nikaegesha miguu juu ya boksi lake, jirani na Mheshimiwa, ambaye tangu juma lililopita ameanza tena kukohoa.