Sifa za Vumbi la Jipsamu

Saruji ina wapambe wake, bati lina matangazo redioni, hata tofali la kuchoma lina watu wa kuliapia. Vumbi la jipsamu halina wa kulisemea. Wanaolitaja hulitaja wakikohoa, na mtu anayekohoa si shahidi wa kutegemewa. Niacheni basi nilisemee mimi, niliyekaa nalo nyumba moja tangu vijana walipopandisha bodi za dari.

Tuanze na ukoo wake. Ni mtoto wa jasi, mawe kama yale yanayochimbwa Makanya, wilayani Same. Jasi ikichomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi hupoteza sehemu kubwa ya maji yake ikawa unga. Ukiurudishia maji, unaganda kuwa jiwe upya. Fundi huukoroga, akaupaka kwenye maungio ya bodi juu ya utepe wa wavu, ukakauka. Kisha akaupiga msasa ukarudi kuwa unga. Safari hii hata uutie maji ya ndoo nzima, haugandi. Umeshastaafu, na kama mstaafu yeyote unatafuta mahali pa kukaa.

Vumbi hili halichagui mahali. Hodi halipigi. Utalikuta ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo, nyuma ya kioo cha saa, kwenye kopo la sukari. Linavuka ukuta hadi kwa jirani. Na yule jirani aliyekununia tangu mgombanie mwarobaini wa mpakani, leo kaja mwenyewe mlangoni, anaongea. Mwenyekiti wa mtaa alishindwa kumfikisha hapo.

Tazameni pia heshima linayowapa vijana. Saidia fundi wa miaka 20 anapanda jukwaa asubuhi kichwa cheusi tii. Adhuhuri anashuka na mvi za nywele, mvi za kope, na mvi za ndevu ambazo hata hazijaota vizuri. Watoto wakimkuta dukani ananunua maziwa ya kusafishia kifua, wanamwamkia shikamoo. Anaitikia marahaba bila kusita.

Lakini fadhila yake kubwa wanaijua wanaojifunza kazi. Fundi mzoefu ni mchoyo. Anapaka tabaka jembamba, anasubiri likauke, anapaka la pili pana kuliko la kwanza, na la tatu pana kuliko la pili, kingo akizikandamiza kwa skrepa mpaka zipotelee kwenye bodi. Akishika msasa hana cha kusaga. Anapapasa kidogo, basi, vumbi lote halijazi bakuli. Mwanafunzi ndiye mkarimu. Anapaka kwa pupa tabaka moja nene, likipasuka anaongeza jingine juu ya ubichi, maana unyevu wa Dar es Salaam hauna haraka naye, kisha anaukabidhi msasa matumaini yake yote. Msasa wenyewe wa namba 80, unaochubua tuta pamoja na karatasi ya bodi. Nusu ya mfuko ulioulipia inashuka sakafuni. Mwenye nyumba anafagia pesa zake kwa fagio, raha ambayo benki haijawahi kumpa.

Tena lina huruma. Linajaza vishimo na mikwaruzo, dari lote linaonekana laini, jioni mnalipana na kupeana mikono. Adui yake ni tochi ya simu: iegeshe ubavuni mwa bodi, mwanga upite sambamba nayo, na kila tuta litatoa kivuli chake. Wamarekani, ambao mwenzao Augustine Sackett alipata hataza ya bodi ya ukoo huu mwaka 1894, wamepanga madaraja ya umaliziaji kutoka 0 hadi 5. La 5 ni kupaka uso mzima ili mwanga wa namna hiyo usimuumbue mtu. Sisi tuna daraja moja tu: "Hapo rangi itaficha, bosi." Na rangi ikipakwa juu ya vumbi lisilofutwa, inalishika vumbi badala ya bodi, halafu inabanduka, na fundi anaitwa tena. Ajira hiyo kaitoa nani?

Mahasidi hawakosekani. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, iliwapima wapiga msasa ikakuta wanavuta vumbi hadi mara 10 ya kiwango kilichoruhusiwa. Ikashauri mpini mrefu, msasa wenye mashine ya kufyonza, barakoa. Kwetu saidia fundi anajifunga fulana puani, na akikohoa wiki nzima tunamwambia ni mwili tu unazoea kazi.

Ukihamia utadhani limeondoka. Umedeki, umefuta, madirisha yanang'aa. Ndugu wamejaa sebuleni kukupongeza, na mjomba, mkubwa wa ukoo, kavaa ile suti nyeusi ya harusi na misiba, kasimama katikati kufungua kwa dua. Juu yake kuna pangaboi lililofungwa kabla ya msasa, ambalo hakuna aliyekumbuka kupanda ngazi kufuta mapanga yake.

"Jamani joto hili," anasema shangazi. "Hebu washeni pangaboi."